Farasi Wanaopotea Njiani

Gari lilikuwa limefungwa mikanda minne juu ya rola za mashine ya kupimia nguvu, na binamu yangu alikuwa ndani akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Mabati ya paa yalitetemeka. Vikombe vya chai vilitembea vyenyewe juu ya meza ya kazi, polepole, kuelekea ukingoni. Mjomba alisimama mbele ya boneti, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, akisikiliza ile kelele kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Kisha mstari kwenye kioo cha mashine ukafika kileleni, ukajipinda, ukaanza kushuka, na namba ikatulia: mia na hamsini na nane.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote waligeuka wakanitazama mimi.

Mia na hamsini na nane ilikuwa hesabu ya farasi, ndivyo tunavyoita nguvu ya injini, waliofika kwenye matairi. Kanuni za mbio za kilima zilitaka hesabu ya farasi waliotoka kwenye injini, na gari la Daraja la Pili halikuruhusiwa kuzidi mia na themanini. Katikati ya hesabu hizo mbili palikuwa na pengo, na kuliziba pengo hilo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Leo nywele za kuhesabika tu ndizo zilizobaki nyeusi, na bado watu wa gereji wakitaka kunichokoza huniuliza: "Mama, zile za siku ile zilikuwa ngapi vile?" Najua wanaizungumzia siku gani.

Mjomba ndiye aliyenilea. Mama yangu alipofariki, alikuja na pikapu yake, akapakia godoro langu na sanduku la vitabu, akaniweka mbele kati yake na binti yake, na tangu siku hiyo tulikuwa watoto wawili wa nyumba moja. Mimi nilimzidi binamu yangu miaka miwili. Tulilala chumba kimoja, tukaazimana nguo, tukapigana kwa sababu ya kitana na tukapatana kabla chakula hakijapoa. Mimi nilikwenda upande wa hesabu. Yeye alikwenda upande wa usukani, na kabla hajafika miaka ishirini uwanja mzima ulikuwa umesahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Kona.

Mjomba alikuwa mjenzi wa injini. Hakuwa fundi wa kubadilisha plagi akakuambia nenda salama. Yeye aliichukua injini iliyokwisha kufa, akaifungua mpaka nati ya mwisho, akaipanga upya kwa miezi, akiipima kila pistoni kwenye mizani ya jikoni ambayo mke wake alikuwa amekata tamaa ya kuidai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa sababu hiyo neno lake lilikuwa zito. Akisema injini hii itatoa mia na ishirini, watu waliandika mia na ishirini bila kumuuliza umejuaje. Ile mpya ya Kona aliijenga mwaka mzima. Alipoulizwa na katibu wa mashindano, alijibu hapo hapo: "Mia na sabini na nane." Katibu akaandika kwa kalamu ya wino.

Mimi niliajiriwa kwenye karakana ya upimaji, mtaa wa pili kutoka gereji ya Mjomba. Tulikuwa na ile mashine ya rola, ya pekee katika mji wote, na chama cha mbio kilikuwa kimenipa heshima ya kuwa mpimaji wake. Mashine yenyewe ni rahisi kuieleza. Gari linapandishwa juu ya mapipa mawili mazito ya chuma, matairi yanayasukuma, na mashine inajua ni nguvu kiasi gani imeyazungusha. Lakini nguvu ikitoka kwenye injini hupita kwanza kwenye giaboksi, kisha kwenye propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, kisha kwenye difu inayougeuza mzunguko kuelekea matairini, kisha kwenye mpira wa tairi unaobonyea na kufutuka, na kila mahali inapopita inaacha kitu. Oili nzito inataka chake. Beringi inataka chake. Farasi wanaotoka zizini si wote wanaofika shambani.

Je, wangapi wanapotea njiani? Hapo kila fundi alikuwa na namba yake ya mfukoni. Mmoja atakwambia asilimia kumi na tano ya farasi wa injini, mwingine ishirini, mwingine kumi na mbili, na ukiwauliza wameitoa wapi, watakutajia fundi mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika kumi na tano. Niliikuta pale karakana, imeandikwa kwa rangi ukutani juu ya swichi, na sikuwahi kumuuliza mtu aliyeiandika ni nani.

Kwa namba hiyo ya ukutani, mwaka uliotangulia, nilikuwa nimemtoa mtu kwenye Daraja la Pili.

Alikuwa fundi cherehani, mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye kigari kidogo cha kijani alichokitengeneza mwenyewe jioni baada ya kufunga duka. Kigari chake kilitoa mia na hamsini na tano kwenye rola. Nikahesabu kwamba hao ni asilimia themanini na tano tu ya farasi wa injini, nikapata mia na themanini na mbili, nikaandika: limezidi. Alitazama karatasi, akaikunja mara mbili kwa unadhifu, akasema ahsante. Basi. Hakubisha. Kona alishinda Daraja la Pili mwaka ule, kwa mara ya pili mfululizo, na nyumbani tulicheza mpaka majirani wakaja kujiunga.

Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, yule fundi cherehani alikuja karakana. Tepu yake ya kupimia ilikuwa bado shingoni, nadhani alikuwa ameisahau.

"Sijaja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Mwaka jana uliposema nguvu zimezidi, zile zilizopotea njiani ulizipima?"

"Tunakadiria," nikasema. "Asilimia kumi na tano. Ndivyo inavyofanyika."

"Kwa magari yote?"

"Yote."

Akafikiri kidogo. "Mimi mteja akiingia dukani, simwambii watu wengi kiuno chao ni thelathini na nne, kwa hiyo na wewe ni thelathini na nne. Namzungushia tepu." Akatabasamu, bila uchungu hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma. "Ulinikatia suruali bila kunipima, dada."

Alipoondoka nilikaa na yale maneno. Kigari chake kilisukumwa na matairi ya mbele. Injini, giaboksi na matairi vilikaa pamoja mahali pamoja, hakikuwa na propela ndefu wala difu ya nyuma. Safari ya nguvu yake ilikuwa fupi. Nililijua hilo. Nilikuwa nalijua hata mwaka jana, kama mtu anavyojua jambo ambalo hajalifikiria.

Na mashine yetu ilikuwa na njia ya kupima kilichopotea. Ilikuwa kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa ambao haukuwa hata na alama ya kidole. Unalipandisha gari mpaka mwisho wa mbio zake, kisha dereva anakanyaga klachi na kuiacha gia ilipo. Injini inatengwa. Mapipa yanaendelea kuzunguka kwa uzito wao, yakiburuta matairi, difu, propela na giaboksi, na kidogo kidogo yanachoka. Mashine inaangalia yanavyochoka. Yakichoka haraka, vitu vya njiani ni vilafi. Yakichoka taratibu, si vilafi. Kutokana na hapo inahesabu farasi walioliwa, na wewe unawajumlisha na wale waliofika. Inachukua dakika mbili zaidi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimejiokolea dakika mbili.

Asubuhi ya siku ya upimaji, Kona alinifuata jikoni. Mjomba alikuwa ameshatangulia gereji. Aliniwekea chai, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, nikajua kuna kitu.

"Dada," akasema, "ile injini jana tuliisikiliza na Baba barabarani. Ina nguvu vibaya sana. Nadhani itafika mia na hamsini na saba, nane, kwenye rola."

Nilipiga hesabu kichwani kabla sijameza. Kwa asilimia kumi na tano ingekuwa mia na themanini na sita.

"Najua unachofikiria," akasema. "Lakini wengine wanatumia kumi na mbili. Si uongo, ni namba ya watu. Kwa kumi na mbili inakuwa mia na sabini na tisa na nusu. Nimepiga hesabu mara tatu."

"Wewe? Hesabu?"

Tulicheka wote. Kisha akaacha kucheka.

"Mara ya tatu mfululizo, dada. Hakuna aliyewahi. Na Baba ameshasema mia na sabini na nane mbele za watu. Unataka uwe wewe wa kumwambia katibu kwamba Baba kakosea?"

Sikuwa shujaa. Nilikuwa natafuta namna ya kukubali. Namba yake haikuwa ya kubuni, na mtu yeyote angeiona ya haki. Ningeweza kuiandika na kulala usingizi mzuri, lau nisingekuwa nimemwandikia fundi cherehani ile nyingine.

"Nitapima," nikasema mwishowe.

"Utapima nini?"

"Zilizopotea. Za kila gari. Sitakadiria tena ya mtu."

Alisukuma kikombe chake katikati ya meza, akainuka. "Sawa," akasema, na katika nyumba yetu neno hilo likisemwa kwa sauti ile lilikuwa na maana ya kinyume chake.

Ndivyo tulivyofika pale nilipoanzia. Mia na hamsini na nane kwenye kioo, na watu kumi na wawili wakinitazama. Katibu alikuwa na fomu zake mkononi. Orodha ilikuwa ifungwe saa sita mchana, na saa ukutani ilionyesha nne na robo. Fundi cherehani alikuwa amesimama karibu na mlango, akisubiri zamu yake.

"Haya, mpimaji," katibu akasema. "Weka asilimia zako tuendelee."

"Leo hakuna asilimia," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora kwa chaki sakafuni injini, giaboksi, difu na tairi, nikaweka mishale. Mtu mmoja akauliza kama mtoto wa dada anafaa kupima gari la mjomba. Lilikuwa swali halali. Nikamwambia katibu aje yeye akae kwenye kiti changu, abonyeze yeye, mimi nisimame nyuma mikono mfukoni.

Mjomba alikwenda akakagua upepo wa matairi kwa geji yake, akalegeza mkanda mmoja uliokuwa umekazwa kupita wenzake, akanitazama kuona kama ninajua kwa nini. Nilijua. Mkanda uliokazwa sana unalibana tairi kwenye rola, na tairi lililobanwa linakula farasi wasiokuwa wake. Nikatikisa kichwa kukubali. Akarudi mahali pake mbele ya boneti.

Kona alipandisha gari tena. Kelele ikajaa, mabati yakatetemeka, na kileleni nikainua mkono. Akakanyaga klachi. Injini ikashuka ikatulia, na ndani ya karakana ikabaki sauti moja tu ambayo sikuwahi kuisikiliza kabla: mapipa yakizunguka yenyewe, yakivuma, yakipungua, yakipungua, kama mtu anayemaliza hadithi na hana haraka. Tulisikiliza mpaka mwisho.

Ishirini na tatu. Tukarudia: ishirini na mbili na nusu. Tukarudia tena: ishirini na tatu na nusu.

Katibu alijumlisha kwenye karatasi, taratibu, midomo ikisogea. Hakuhitaji kusoma kwa sauti, lakini alisoma. "Mia na themanini na moja."

Kona alizima gari. Alivua helmeti, akaiweka kwenye kiti cha abiria kwa upole wa ajabu, akatoka nje bila kufunga mlango. Mimi nilikuwa bado nina mikono mfukoni, imekunjwa ngumi.

"Mjomba," nikasema, "namba hii si kamili. Inaweza kukosea moja juu au moja chini."

"Ikikosea, hukosea upande gani?" akauliza.

Swali lake lilinikamata. Angeweza kuuliza chochote kingine. "Mara nyingi hupunguza," nikasema. "Meno ya gia yakiwa na mzigo hula zaidi kuliko yakizunguka bure."

"Kwa hiyo zinaweza kuwa zaidi."

"Zinaweza kuwa zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Uso wake sikuweza kuusoma. Akamgeukia katibu: "Andika hivyo ilivyosomeka." Kisha akatoka kumfuata binti yake.

Zamu ya fundi cherehani ikafika. Kigari chake kilitoa mia na hamsini na tano, ileile ya mwaka jana, na kilipoachiwa mapipa yalizunguka mpaka tukadhani hayatasimama. Kumi na tisa tu zilipotea. Mia na sabini na nne. Kilikuwa halali, na kwa kuwa hakuwa amegusa chochote tangu wakati ule, mwaka jana pia kilikuwa halali.

Nilimwendea mbele ya wote. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakayeyuka. "Nilikukosea," nikasema. "Nilikunyima mwaka wako."

Alinitazama, akaitazama chaki sakafuni. "Basi mwaka huu ndio umenipima," akasema. "Na suruali imenikaa."

Nje, Mjomba na Kona walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya karakana. Nilisimama nyuma yao nikiogopa kusogea.

"Kuna vibao vya kuweka kwenye njia ya hewa," Mjomba alikuwa akisema. "Tunaibana pumzi kidogo, zinashuka mpaka mia na sabini na tano. Dakika ishirini. Hakuna kosa, kanuni zinaruhusu. Gari ni lako, amua wewe."

Kona alikuwa amelia, na mimi nilimjua, alikuwa amekwisha kumaliza.

"Ulisema mia na sabini na nane, Baba."

"Nilisema."

"Umewahi kukosea kabla?"

"Sijui," akasema Mjomba. "Hakuna aliyewahi kunipima."

Hapo Kona akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, akamwegemea baba yake begani. "Hutaibana pumzi," akasema. "Nitakwenda Daraja la Kwanza, lisilo na kikomo, nayo hivyo hivyo. Nitakuwa wa mwisho."

Hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa nane kati ya kumi na moja, dhidi ya magari yenye injini za kutisha watoto, na katika kona ya juu kabisa, ile inayopinda kama kiwiko, muda wake ulikuwa bora kuliko wote. Fundi cherehani alishinda Daraja la Pili. Alipanda jukwaani na tepu shingoni, na safari hii sidhani kama alikuwa ameisahau. Kona alikuwa ameninunia siku nne. Siku ya tano nilikuta amelala kitandani kwangu, amevaa sweta langu, anasoma kile kitabu cha maelekezo cha mashine.

"Hapa umeacha ukurasa mwingine," akaniambia. "Huu wa joto la hewa. Pia huujui?"

Msimu ulipokwisha, Mjomba alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu sababu yake. Aliitoa injini kwenye gari, akaifunga kwa turubai kama mtoto mchanga, akatuchukua mimi na Kona mpaka chuo cha ufundi cha mji wa jirani. Kule walikuwa na benchi ya kupimia injini yenyewe, peke yake, bila giaboksi, bila difu, bila tairi. Hakuna safari, hakuna kinachopotea. Rafiki yake wa zamani alikuwa mwalimu pale.

Ilichukua asubuhi nzima kuifunga. Mjomba hakumruhusu mtu kushika bomba la mafuta. Ilipounguruma, sisi watatu tulisimama nyuma ya kioo kinene, mabega yamegusana, na mimi nilikuwa naomba kimya kimya kitu ambacho sikukijua vizuri. Nilitaka hesabu yangu iwe kweli. Nilitaka pia, kwa namna fulani, Mjomba awe amesema kweli.

Mwalimu aliandika namba kwenye kipande cha karatasi, akakipitisha chini ya mlango. Kona alikiokota akampa baba yake bila kukitazama.

Mia na themanini na tatu.

Mjomba alitafuta mahali pa kukaa, akakuta ndoo iliyogeuzwa, akakaa. Alikisoma tena kile kikaratasi. "Nimekuwa nikijipunja," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka huku mdomo ukicheka. "Miaka yote hii, jamani. Nimekuwa nikijipunja." Kona alichuchumaa akamshika magoti. Mimi nilisimama pale, nikiwa nimekosea kwa farasi wawili, na sijui siku nyingine niliyokuwa na furaha zaidi ya ile.

Tulirudi na pikapu, mwendo wa arobaini kama kawaida yake, madirisha wazi, injini nyuma chini ya turubai. Njiani tulisimama kuweka mafuta. Kijana wa kituo alikuja dirishani, akainama, akauliza:

"Ngapi, mzee?"

"Mia na themanini na tatu," Mjomba akajibu.

Kijana akalitazama tangi, akaitazama pikapu yenyewe, kutoka mbele mpaka nyuma. "Lita zote hizo hazitaingia, mzee wangu."

Mjomba alifikiri kidogo, uso ukiwa umetulia kabisa.

"Basi weka zitakazoingia," akasema.